Machogo ya Marehemu Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Kikao cha familia, jikoni. Nimedharauliwa mbele ya masufuria yote.

Ajenda: magoti ya mama mkwe. Daktari kasema ngazi sasa basi. Kwa hiyo mama atahamia chini, chumba cha mbele. Tatizo ni kwamba chumba cha mbele kimejaa kompyuta. Marehemu baba mkwe aliendesha humo chuo cha uchapaji, na chuo kilipofungwa hakuna aliyepata moyo wa kuzitoa. Ni zile za zamani, za chogo, ambazo skrini zake zimetokeza nyuma kama kisogo cha mtu mkaidi. Moja tu iko sebuleni na bado inafanya kazi. Hiyo ni ya mama. Kila alasiri anacheza karata humo, peke yake, na kujisifu kwa sauti akishinda.

Mke wangu akasema kazi ya kuzifungua apewe dada yake. Nikauliza, na mimi je? Mke wangu akafunika sufuria. Kisha shemeji mwenyewe, ambaye ni fundi wa mitambo hospitalini na hutembea na bisibisi mkobani kama wenzake wanavyotembea na kitana, akasema mimi nitabeba.

Kubeba! Mimi! Meneja mstaafu wa duka la magodoro! (Duka lilistaafu kwanza, mimi nikafuata.)

Atakuja Alhamisi. Kanionya nisiguse kitu kabla hajafika, eti skrini hizo huweka umeme ndani hata zikiwa zimechomolewa. Huuweka wapi, mfukoni? Nikatabasamu tu.

Mpango wangu: Alhamisi akute chumba cheupe, hana la kufanya ila kunipongeza. Tena mnunuzi wa vyuma chakavu wa pale kona kaniambia kila chogo lina koili ya shaba shingoni. Shaba hiyo itampatia mama godoro jipya. Nitalichagua mwenyewe. Kwenye magodoro hakuna wa kunifundisha.

Jumanne, 4 Juni

Mke wangu kampeleka mama kliniki. Nyumba yote yangu!

Nimechagua skrini moja. Kwanza nikaichomeka kuona kama bado iko hai. Iko hai. Kioo kikatatarika, vinyweleo vya mkono vikanisimama. Nikachomoa, nikafungua mfuniko wa nyuma kwa kisu cha siagi. Ndani vumbi tupu, kama pamba ya godoro la bei ya chini. Katikati ya vumbi, kioo kikubwa chenye umbo la faneli, na waya mnene mwekundu ulioingia ubavuni mwake chini ya kikofia cha mpira. Kikofia kizuri. Nikapenyeza kisu chini yake.

Kilichofuata sikumbuki vizuri.

Nilijikuta nimeketi juu ya rundo la kibodi upande wa pili wa chumba. Kisu kilikuwa dirishani. Mdomoni ladha ya msumari. Mkono wa kulia uliendelea kupunga wenyewe, kama unaaga watu stesheni.

Mke wangu aliporudi nikasema nimeteleza. Akanigeuza kiwiko, akaona herufi zilivyojichora kwenye ngozi, akauliza kama nimeteleza juu ya alfabeti. Akasema kama ningekufa, yeye ndiye angeulizwa alikuwa wapi. Halafu akaingia chumbani na kufunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Alhamisi, 6 Juni

Shemeji kaja. Miwani ya plastiki, glavu, viatu vya soli nene. Kanivisha na mimi miwani. Nilipojitazama kwenye kioo nilifanana na mdudu.

Nikiri: anajua. Ila namna anavyojua inaudhi. Anaeleza kila kitu mara ya pili huku akikutazama kama mtoto aliyelowa.

Kwanza, chomoa plagi na uache skrini ikae, siku nzima ikiwezekana. Usifanye kazi peke yako. Vua pete, vua saa. Kisha anachukua bisibisi ndefu yenye mpini wa plastiki, chuma chake anakifunga waya, na ncha ya pili ya waya anaibana kwenye fremu ya chuma ya skrini. Mkono mmoja anautia mfukoni, ili umeme ukiponyoka usipate njia ya kupita moyoni. Kwa mkono wa pili anasukuma bisibisi polepole chini ya kikofia cha mpira.

Pah!

Cheche ya buluu. Mimi nilikuwa nimeshafika uani.

Shemeji hakucheka. Angecheka ningemchukia vizuri zaidi. Alisema tu kwamba huo ndio umeme uliokuwa mfukoni, kisha akarudia tena mara ya pili, kwa sababu wakati mwingine unabaki.

Halafu kioo. Ndani hakuna hewa kabisa, akasema, kwa hiyo hewa yote ya nje inakisukuma usiku na mchana. Ukikigonga vibaya kinajipasukia ndani na vigae vinaruka kote. Sehemu dhaifu kuliko zote ni shingo, pale nyuma, nyembamba kama ya chupa ya dawa. Shingo haivutwi, haipindwi. Na kioo chenyewe kina madini ya risasi na unga wa sumu, hakitupwi jalalani wala hakifukiwi. Kipo kituo kinachopokea taka za umeme, na yeye ataomba gari lao.

Mama alikuwa ameleta kiti mlangoni, anatazama. Kila skrini ilipofunguliwa alitaja mwanafunzi aliyekuwa akiitumia. Huyu alikuwa hodari. Yule alikuwa akilala. Yule aliolewa na yule aliyekuwa akilala.

Kufikia jioni tulikuwa tumefungua nusu, na zilizobaki shemeji akazitoa umeme zote. Alipoondoka akaacha agizo: nisizichokonoe, na ile iliyo karibu na dirisha ibaki nzima, iwe akiba ya mama siku skrini yake ikifa.

Nimeandika yote haya ili ionekane kwamba niliyasikia.

Ijumaa, 7 Juni

Mnunuzi wa vyuma chakavu kapita asubuhi na mkokoteni. Kasema leo ndiyo siku yake ya mtaa huu, kesho haji. Ningefanyaje?

Nilivaa miwani. Mkono mmoja mfukoni! Koili zikatoka moja baada ya nyingine, nyekundu, nzuri, nzito mkononi. Nilijisikia fundi. Nilipiga mluzi. Ilipofika zamu ya ile ya dirishani nikasita. Kisha nikaona kwamba skrini ya mama haina dalili ya kufa, na koili ile ilikuwa kubwa kuliko zote.

Shaba yote ilitosha kununua mto. Mto mzuri, lakini ni mto.

Nikamwambia basi achukue na vioo. Akarudi nyuma kama nimemwonyesha nyoka. Hata bure, hata nikimwongezea! Wazoa taka nao wamekataa. Nikawaza bustani, nikachukua jembe, nikakumbuka unga wa sumu. Mke wangu alikuwa dirishani ananitazama. Nikajifanya napalilia.

Mama anaanza kuhamia chumba cha mbele kesho, kwa hiyo vioo vimelala chumbani kwetu hadi gari la kituo lije. Vimezunguka kitanda, vimefunikwa mashuka, nyuso zimetuelekea sisi. Mke wangu kageukia ukutani. Anasema anahisi anatazamwa na darasa zima.

Jumapili, 9 Juni

Kumetokea jambo. Naandika haraka.

Jana picha kwenye skrini ya mama ilianza kutetemeka. Karata zilikuwa zinacheza dansi. Mama akasema tumngoje shemeji, atapita Jumatatu. Tumngoje shemeji! Chakula kikiungua tumngoje shemeji. Mvua ikigoma tumngoje shemeji.

Leo mama na mke wangu walikwenda kumwona mgonjwa. Nikaona hapa ndipo jina langu litakaposafishwa. Na nilifanya kila kitu sawasawa, Mungu ni shahidi. Nilichomoa tangu walipovuka kizingiti. Nilivua pete. Nikatumia bisibisi niliyoifunga waya, nikabana kwenye fremu, mkono mfukoni. Pah! Na sikukimbia. Nikarudia mara ya pili. Nilitamani shemeji angekuwepo aone.

Kasoro moja niliigundua mapema. Katika kioo kilichozimwa kulikuwa na kivuli cha maandishi kilichoganda, hafifu, cha rangi ya chai. Nilikuwa nimekiona hata zamani, nikidhani ni uchafu. Nikasugua kwa kitambaa na siki. Hakikutoka. Nikahitimisha kuwa ugonjwa wote uko hapo: skrini imechoka, inakumbuka mambo ya kale. Lazima kuna kitu nyuma kimelegea.

Nyuma, mwisho wa shingo, kuna kibao kidogo cha saketi kilichovaa shingo kama kofia. Kilionekana kimekaa upande. Nikakivuta. Kikagoma. Nikakipinda kidogo. Kidogo tu.

Tk.

Halafu sauti nyembamba ndefu, ssssss, kama mtu anayevuta pumzi aliyoizuia miaka mingi. Ikakoma. Kipande cha shingo kilikuwa mkononi mwangu.

Nilifunga mfuniko. Nikarudisha skurubu zote, hata iliyokuwa haina pa kwenda. Nikafunika skrini kwa kitambaa chake cha mapambo. Waliporudi nikamwambia mama macho yake yanahitaji kupumzika leo. Akanishukuru kwa kumjali.

Akanishukuru.

Jumatatu, 10 Juni

Skrini ya akiba ipo chumbani kwetu, kioo kitupu, haina koili. Nimeitazama asubuhi. Nayo imenitazama.

Nimempigia shemeji, nikamwambia mama amechoka, asije leo aje kesho. Kisha nikatoka na baiskeli kutafuta chogo zima. Duka la vifaa vya kompyuta walimwita mwenzao aliyeko stoo aje anisikie nikirudia swali. Posta wameshatupa. Shule wanazo, ila wamezigeuza viota vya kuku. Hatimaye kinyozi mmoja alikuwa nayo, ameweka redio juu yake. Nikaiomba. Akatazama baiskeli yangu.

Nimerudi kwa miguu, skrini kichwani. Nimemwambia mke wangu baiskeli iko kwa fundi. Kweli kinyozi ni fundi wa namna yake.

Imewaka! Inakaribia kufanana kabisa. Ila kila kitu ni cha kijani kidogo, na picha inatetemeka, bila shaka kwa uchovu wa safari. Nimeificha ile ya zamani chini ya shuka, pamoja na wenzake. Saa ya karata itakapofika mama atakuta picha imetulia, na sifa zitakuja kwangu.

Baadaye

Mama aliketi. Alivaa miwani. Hakuiwasha. Alikitazama kioo kilichozimwa, muda mrefu, akainamisha kichwa kushoto, akainamisha kulia. Akapitisha kidole juu ya kioo.

“Mwanangu,” akasema, “hii si yenyewe.”

Nikasema ni yenyewe, mama, nimeisafisha tu.

“Maneno yake yako wapi?”

Nikauliza maneno gani, ingawa nilijua.

Akanieleza bila kunitazama. Baba mkwe alikuwa akifundisha kwa skrini ile. Kila asubuhi, kabla wanafunzi hawajagusa kibodi, aliandika maneno yale yale kwa herufi kubwa na kuyaacha hapo siku nzima: KAA WIMA. TULIZA VIDOLE. ANZA. Mwaka hadi mwaka, hadi maneno yakaungua kwenye kioo, yakabaki hata skrini ikizimwa. Yeye anacheza karata, ndiyo. Lakini kwanza huketi na kuyasoma.

“Karata ni za kupitisha wakati tu,” akasema. “Naketi hapa kuamkiana naye.”

Ningependa kuandika kwamba hapo hapo nilisema ukweli. Nilisema labda yamefifia. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Akapanda juu, nikasikia mashuka yakifunuliwa moja moja. Akashuka na skrini mikononi, anapumua kwa shida, na skurubu ile isiyo na pa kwenda inagongagonga ndani.

“Mwambie mama,” akasema.

Nikamwambia. Shingo, siki, akiba, shaba, baiskeli. Yote. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kitu kimoja tu: kama niliumia mkono.

Nimekaa uani tangu hapo. Ni heri angenitukana.

Jumanne, 11 Juni

Shemeji kafika. Nilimsubiri langoni nimweleze mwenyewe, na nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Akatua mkoba chini. Akaenda nyuma ya kompyuta, akashika kebo ya skrini, akaisukuma kwa kidole gumba.

Ilikuwa imelegea. Basi. Karata zilikuwa zinacheza dansi kwa sababu ya kebo iliyolegea. Mama angeweza kuikaza kwa fimbo yake bila kuinuka kitini.

Nilisogea dirishani nikawa natazama barabara.

Kisha akaifungua ile iliyokufa. Akasema kioo hakiwezi kuponywa, lakini sasa hewa imeshaingia, hakiwezi tena kujipasukia, mama anaweza kukaa nacho salama. Akaiziba shingo kwa utepe, akafuta siki yangu, akaigeuza mbele ielekee mwanga. Sote tukainama.

KAA WIMA lipo. ANZA lipo, chini. Katikati kuna doa jeupe la duara. Shemeji akaeleza kwamba shingo ilipokatika hewa iliingia kwa kishindo, ikapiga unga ulioko nyuma ya uso wa kioo na kuupeperusha. Ni pale maneno mengine yalipokuwa.

Nikamwambia mama nitayaandika mwenyewe, kwa kalamu ya wino mzito, kwa mwandiko ule ule. Mke wangu akaniambia ninyamaze, lakini kwa upole, akanishika bega. Tangu Jumanne iliyopita hakuwa amenishika.

Mama akasema hayo yaliyobaki yanamtosha. Anayajua yaliyokuwa katikati. Akaomba kioo kiwekwe kwenye chumba chake kipya, juu ya meza, mkabala na kitanda.

Mto wangu kaupokea. Anasema ni mlaini. Sikuweza kufurahi.

Ijumaa, 14 Juni

Gari la kituo limekuja na kuchukua vioo. Watu wawili wenye glavu walivibeba kimoja kimoja, nyuso zikielekea vifuani mwao, kama shemeji alivyoelekeza. Chumbani kwetu sasa kuna nafasi hata ya kutembea. Mke wangu kalala mchana kutwa, kifudifudi, mikono ameitandaza.

Mama kaanza kuizoea skrini ya kinyozi. Anasema karata za kijani zinamkumbusha majani. Ila alasiri hii nilipita mlangoni kwake nikamwona ameketi kitandani, wima kabisa, anatazama meza. Midomo ilikuwa inasogea. Alipofika katikati akasita, mkono ukaenda kama unatafuta kitu hewani, kisha akaendelea. Nikarudi kinyumenyume, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Sitagusa tena kitu nisichokijua. Nimemwambia mke wangu. Nimemwambia na shemeji kwa simu, akasema anashukuru kusikia. Nadhani alikuwa ananiamini.

Jumapili, 16 Juni

Mama kakumbuka kwamba taipureta ya marehemu iko kabatini, ile aliyoitumia kabla ya kompyuta. Kasema angependa kuyapiga maneno yale kwenye karatasi, ayabandike kando ya kioo. Tumeitoa. Inapiga vizuri, ila kigari cha karatasi hakirudi, kimelegea. Kasema tumngoje shemeji, atapita Jumanne na mafuta yake.

Wamekwenda kumwona mgonjwa.

Nimeketi nayo hapa mezani. Sina nia ya kuitengeneza. Natazama tu. Ni chuma tupu, haina plagi, haina umeme, haina kioo, haina sumu. Mtoto mdogo angeielewa. Na nikifikiria sura ya mama akirudi na kuikuta imepona, moyo unanilegea kabisa. Nina deni kwake ambalo siwezi kulilipa kwa kungoja Jumanne.

Nimefungua mfuniko wa nyuma. Kuna kikopo cha duara, na ndani yake springi moja ndefu, imejikunja mara nyingi, imetulia tuli. Imezuiwa na skurubu moja tu.

Nimevaa miwani. Mkono mmoja nimeutia mfukoni.